Mtaji Ukikata: Kwa Nini Familia za Mjini Huingia na Kutoka Kwenye Umaskini

Tathmini ya umaskini Tanzania Bara iliyotolewa na Benki ya Dunia mwishoni mwa mwaka 2019 ina hesabu moja iliyostahili kujadiliwa vijiweni kuliko zote: kwa kila Watanzania wanne waliotoka kwenye umaskini, watatu waliingia. Mjadala wa kawaida huishia kwenye takwimu nyingine, ile inayosema kwamba umaskini wa mahitaji ya msingi ulishuka kutoka asilimia 28.2 mwaka 2011/12 hadi asilimia 26.4 mwaka 2017/18. Hapo anayeisifu serikali ataona umeshuka, na anayeilaumu ataona haujashuka vya kutosha. Wote wawili huzungumza kana kwamba maskini ni kundi moja la watu waliokaa mahali pamoja wakisubiri kuvushwa. Hesabu ya wanne kwa watatu inasema jambo jingine kabisa. Waliovuka walikuwa wengi. Kiwango kilionekana hakisogei kwa sababu wakati hao wanatoka, wengine walikuwa wanarudi, au wanaingia kwa mara ya kwanza maishani.

Dar es Salaam ni mahali pazuri pa kuliangalia jambo hili. Kwa takwimu za Ofisi ya Taifa ya Takwimu, kiwango cha umaskini jijini kilipanda katika kipindi hichohicho kutoka asilimia 4.1 hadi asilimia 8, wakati uchumi wa nchi ukikua vizuri, mabasi ya mwendokasi yameanza kazi na maghorofa yanaota Kariakoo. Sehemu ya ongezeko hilo huenda ni wahamiaji waliokuja na umaskini wao kutoka mikoani, kwa kuwa takwimu za aina hii hupiga picha ya jiji kila baada ya miaka kadhaa, hazimfuati mtu mmoja mmoja. Na mtu anaweza kusema asilimia 8 bado ni kidogo, hasa ukiiweka kando ya asilimia 31.3 ya vijijini. Lakini tazama mstari wenyewe ulipochorwa: shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi, yaani kama shilingi 1,640 kwa siku. Anayetumia shilingi 2,000 kwa siku hahesabiwi kuwa maskini, ingawa pengo kati yake na mstari halifiki nauli ya daladala. Jiji lina watu wengi sana wanaoishi kwenye pengo hilo, na ripoti zinapowaita wasio maskini zinasema kweli kwa siku ya leo tu.

Kwa hiyo swali la maana kuhusu umaskini wa mjini linahusu mwendo: nani anapanda, nani anashuka, na kwa nini. Kinachoamua familia ibaki juu au ishuke, kwa jinsi ninavyousoma ushahidi uliopo, ni kile inacholazimika kuuza au kuachia pale fedha inapokatika kwa wiki chache. Mapato ya mwezi wa kawaida yana nafasi yake, lakini familia mbili zenye mapato sawa zinaweza kuachana njia kabisa baada ya mwezi mmoja mbaya, moja ikabaki na cherehani na nyingine ikabaki na deni. Tena mlango wa kuingilia kwenye umaskini na mlango wa kutokea si mmoja. Mambo yanayomwangusha mtu si kinyume cha yale yanayompandisha, na sera inayoshughulikia mlango mmoja inaweza kufanya kazi kwa bidii miaka kumi na isione matunda.

Mjini kila kitu hununuliwa, na hilo ndilo linaloipa wiki moja bila fedha uzito usio nao kijijini. Mkulima aliyeugua anaweza kuuza mbuzi, na umaskini wake si mwepesi hata kidogo, lakini shamba linabaki na nyumba haidaiwi kodi. Mpangaji wa Tandale, Dar es Salaam, au Mathare, Nairobi, hununua maji kwa ndoo, mkaa kwa kopo, na mahali pengine hulipia hata choo. Utafiti wa mwaka 2004 katika makazi duni ya Nairobi ulikuta asilimia 92 ya kaya ni wapangaji. Mwenye nyumba wa Nairobi hudai kila mwezi na akichoka hupiga kufuli; wa Dar es Salaam hupenda kodi ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo, na dalali huongeza kodi ya mwezi mmoja juu yake. Mtu anayepata fedha kwa siku anatakiwa alipe kwa nusu mwaka. Ile fedha anayoikusanya kwa ajili ya kodi ndiyo akiba kubwa kuliko zote aliyo nayo, na ndiyo inayoguswa kwanza mtoto akilazwa.

Chukua mkataba wa bodaboda, ambao vijana wengi wa Dar es Salaam, Mwanza na Arusha wameusaini au wameukubali kwa mdomo. Tajiri ananunua pikipiki, kijana anaiendesha na kupeleka hesabu kila siku, shilingi 10,000 au karibu yake, kwa mwaka mmoja au mwaka na nusu. Akimaliza, pikipiki inakuwa yake. Ukiusikia hivyo ni mpango mzuri, na waliomaliza wapo; baadhi yao leo wana pikipiki mbili tatu na wamekuwa matajiri wa wenzao. Ila mkataba mzima umesimama juu ya dhana kwamba kijana hataugua, hatagongwa, hatafiwa na hatakamatiwa chombo kwa zaidi ya mwaka mfululizo. Akivunjika mguu mwezi wa kumi, hesabu haingoji mguu uunge. Tajiri anachukua pikipiki na kumpa mwingine. Kwa siku 26 za kazi kila mwezi, kijana huyo amekwisha kupeleka shilingi 2,600,000, fedha aliyokuwa akiiona kama akiba, na sasa imegeuka kuwa malipo ya kukodi tu. Amepoteza kwa siku moja kipato cha leo na mali ya kesho, na bili ya hospitali bado haijaja.

Mama lishe hana mkataba na mtu, lakini mtaji wake uko njiani wakati wote: mauzo ya leo ndiyo mchele, maharage na mkaa wa kesho. Akikaa wodini siku nne na mgonjwa, mauzo hayapo na kile kilichokuwa kibindoni kimeishia kwenye dawa, nauli na uji. Siku ya tano anarudi na sufuria zake, wateja bado wapo palepale, na hana cha kupika. Mtaji umekata. Wanaotoa mafunzo ya ujasiriamali hupenda kumfundisha mtu huyu kutenganisha fedha za biashara na za nyumbani, ushauri mzuri kwa mwenye fedha za nyumbani.

Baada ya hapo kuna mteremko unaofuata utaratibu wake. Familia huanza na tumbo: milo mitatu inakuwa miwili, nyama inatoka, chai inanywewa bila kitafunwa. Kisha daftari la madeni kwa Mangi, mwenye duka la mtaani, linajaa. Kisha ndugu, jirani, kikoba. Watu hawakimbilii kuuza vitu vya kazi. Wanajua kwamba cherehani au friji ya kuuzia maji ndiyo itakayowarudisha, na wako tayari kulala njaa ili isiondoke. Anayewatazama kwa mbali akawaona wanakula vibaya ilhali wana friji ndani atadhani hawana akili, kumbe ndio uamuzi wa kiuchumi ulio makini kuliko wote walioufanya mwaka huo. Hatari inaanza pale njia hizo zinapokwisha na mtu anageukia mikopo ya kausha damu, inayotolewa leo na kudaiwa kila siku au kila wiki kwa riba ya kutisha, huku televisheni, makochi na mtungi wa gesi vikiwekwa rehani. Wengine hukopa kwa simu. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ililazimika kupiga marufuku programu 69 za kukopesha mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila kibali. Kenya ilikuwa imeshatunga kanuni za kuwabana wakopeshaji wa namna hiyo mwaka 2022. Mkopo wa aina hii hauzibi pengo, hulihamishia mwezi ujao likiwa pana zaidi, na mwishowe friji iliyolindwa kwa njaa inabebwa na mdai.

Mtu aliyefanya kazi kubwa ya kutafuta chanzo cha mteremko huu ni Anirudh Krishna, profesa wa Chuo Kikuu cha Duke nchini Marekani. Yeye na wenzake walifikia kaya zipatazo 35,000 nchini India, Kenya, Uganda, Peru na katika jimbo la North Carolina. Njia yao ilikuwa rahisi: waliwakalisha wenyeji pamoja, wakawauliza kaya maskini ikianza kupata kidogo hufanya nini kwanza, kisha nini. Popote palipoulizwa, jibu lilianza na chakula, likafuatiwa na mambo kama mavazi, shule ya watoto na paa la nyumba. Halafu kila kaya ikawekwa kwenye hatua yake ya zamani na ya sasa, na wenyewe wakaeleza kilichotokea katikati. Kenya magharibi, waliotoka kwenye umaskini na walioingia katika miaka 25 walikaribiana kwa idadi. Na sababu hazikuwa za kundi moja. Walioshuka walitaja ugonjwa na gharama za matibabu kuliko kitu kingine chochote, na Kenya magharibi gharama za mazishi zilikuwa karibu nyuma yake. Waliopanda walitaja chanzo kipya cha mapato: biashara ndogo, kazi, ndugu aliyekwenda mjini akapata kitu.

Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanyika vijijini, na msomaji ana haki ya kuuliza inahusu vipi mitaa ya mjini kama Buguruni au Kawangware. Nadhani inahusu zaidi. Hospitali mjini iko karibu, kwa hiyo mgonjwa atapelekwa. Na akifika atalipa. Wachumi wa afya nchini Kenya wametoa makadirio yanayotofautiana sana kuhusu idadi ya watu wanaosukumwa chini ya mstari wa umaskini kila mwaka kwa kulipia matibabu mfukoni, kuanzia chini ya nusu milioni hadi zaidi ya milioni moja. Hata ukichukua kadirio la chini kabisa, huo ni mji mzima unaoingia kwenye umaskini kila mwaka kupitia mlango wa hospitali.

Kuna pingamizi ambalo halikosekani mazungumzo yakifika hapa, nalo ni kwamba watu wanajiangusha wenyewe: pombe, kamari ya simu, harusi za kujionyesha, uvivu. Haya yapo, na anayekana kwamba kamari imetafuna mitaji ya vijana anajidanganya. Lakini Krishna alipowauliza majirani, watu ambao hawana sababu ya kumsitiri mlevi wa mtaa wao, ulevi na uvivu vilitajwa kwa sehemu ndogo sana ya kaya zilizoshuka. Tena michango ya harusi na misiba haiwezi kuitwa ubadhirifu moja kwa moja. Anayechangia msiba wa jirani analipia haki ya kuchangiwa siku yake ikifika. Ni bima, ingawa ni bima ghali na isiyo na hesabu za maandishi.

Nguvu ya bima hiyo ya kindugu, na mipaka yake, ilipimwa Kenya. Wachumi Tavneet Suri na William Jack walizifuatilia kaya za Kenya tangu siku za mwanzo za M-Pesa, wakaangalia nini hutokea nyumba inapopatwa na pigo. Kaya zisizotumia M-Pesa zilipunguza matumizi kwa takriban asilimia 7. Kaya zilizotumia hazikupunguza kwa kiwango cha kuonekana, kwa sababu fedha zilitoka kwa ndugu wengi zaidi na walio mbali zaidi. Baadaye, mwaka 2016, wawili hao walikadiria kwamba huduma hiyo imeziondoa kaya kama 194,000 kwenye umaskini, karibu asilimia 2 ya kaya zote za Kenya. Makadirio hayo yamepingwa na wasomi wengine, na mimi pia nisingeyawekea nguvu zote. Matokeo ya kwanza, kuhusu kaya iliyopigwa na isianguke, ndiyo yenye uzito. Hayo hayakuhitaji mtu aongezewe kipato. Yalihitaji fedha ifike kabla mtaji haujauzwa. Mpaka wa bima hiyo ulionekana mwaka 2020. Korona ilipofunga shughuli za miji, aliyezoea kutuma alikuwa amesimamishwa kazi siku moja na aliyezoea kupokea, na kiwango cha umaskini Kenya kilipanda, kwa takwimu za serikali, kutoka asilimia 33.6 mwaka 2019 hadi 42.9 mwaka 2020. Ndugu husaidiana vizuri pigo likimpata mmoja. Likiwapata wote, hakuna wa kumpigia simu.

Mapigo mengine huletwa na mamlaka za miji zenyewe, na haya hayatajwi sana katika mipango ya kupambana na umaskini. Desemba 2018 wamachinga wa Tanzania waliuziwa vitambulisho kwa shilingi 20,000 kila kimoja ili wasibughudhiwe. Oktoba 2021 waliondolewa barabarani. Hoja ya kupanga mji ni halali, maana barabara ni za wote. Lakini biashara ya machinga ni mahali aliposimama. Mteja wake ni mpita njia wa saa kumi na moja jioni, na ukimhamishia kwenye soko lisilopitiwa na watu hujamhamisha, umemfilisi polepole. Ndivyo ilivyo kwa bomoabomoa. Mukuru kwa Njenga, Nairobi, mwishoni mwa 2021 maelfu ya watu walibomolewa nyumba, na nyumba hizo zilikuwa pia duka, saluni na karakana. Mafuriko ya bonde la Msimbazi na moto wa soko la Kariakoo wa Julai 2021 vina hesabu ileile: hasara ya siku moja inayomeza miaka.

Mlango wa kutokea una sura nyingine, nao hufunguka taratibu. Mara nyingi jambo la kwanza ni mtu wa pili kuanza kupata fedha nyumbani. Mtoto anamaliza shule na kuajiriwa dukani, mke anaanza kuuza vitumbua, na hapo hata kabla ya utajiri wowote familia imeacha kutegemea mguu wa mtu mmoja. Ndiyo maana kutengana kwa wanandoa au kufiwa ni mshtuko wa kiuchumi kama ulivyo wa kihisia, na mara nyingi anayebaki na watoto ndiye anayeshuka zaidi. Jambo la pili ni kuhama, lakini si lazima kuhamia jiji kubwa. Watafiti waliowafuata watu wa Kagera tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 hadi 2010, hata waliohama mkoa, walikuta kwamba waliokwenda majiji makubwa waliinuka kwa kasi kubwa zaidi, ila walikuwa wachache: mtu mmoja kati ya saba waliotoka kwenye umaskini. Karibu nusu yao walitoka kwa kuacha kilimo na kuingia shughuli nyingine vijijini au katika miji midogo. Wanaopanga bajeti kwa kuitazama Dar es Salaam peke yake wangeyasoma matokeo hayo mara mbili.

Jambo la tatu ni nyumba, na hapa Dar es Salaam ina historia ya kufundisha. Kuanzia miaka ya 1970, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, maeneo kama Sinza na Kijitonyama yalipimwa viwanja na kuwekewa barabara kabla watu hawajajenga, wakati Manzese, iliyokwisha kujaa, ilifanyiwa marekebisho humohumo. Wachumi walipoyachunguza maeneo hayo miongo kadhaa baadaye, yale yaliyopimwa mapema yalikuwa na nyumba kubwa na bora na mpangilio unaopitika. Mtu atauliza kama waliofaidi ni maskini wa awali au matajiri walionunua kwao, na ni swali la haki. Viwanja vingi vilibadilisha mikono. Lakini hata aliyeuza aliuza kitu chenye thamani kwa hiari yake, tofauti na anayehamishwa akiwa mikono mitupu. Na kwa anayebaki, nyumba mjini ni mambo mawili. Inafuta kodi, na ndiyo maana watu huhamia kwenye pagale, madirisha yakiwa yamezibwa kwa mabati, ili tu waachane na mwenye nyumba. Tena vyumba viwili vya kupangisha ni kipato kisichougua. Hati yenyewe isitarajiwe kufanya miujiza. Pembezoni mwa Buenos Aires, watu waliovamia ardhi moja mwaka 1981 waligawanyika kwa bahati tu, baadhi wakapata hati na baadhi wasipate, kwa kuwa wamiliki wengine walikubali fidia na wengine wakaenda mahakamani. Walipolinganishwa miaka mingi baadaye, wenye hati walikuwa wameboresha nyumba na kuwasomesha watoto zaidi, lakini kipato chao na uwezo wa kukopa benki havikutofautiana sana. Nyumba ilikuwa ngao kuliko ngazi.

Wapo wachumi watakaosema mwendo huu wote umetiwa chumvi. Matumizi ya kaya hupimwa kwa makosa mengi. Mwaka huu mtu anasahau alichonunua, mwaka kesho anakumbuka, na kwenye kompyuta anaonekana ametoka kwenye umaskini bila kuinuka kitini. Ni kweli, na sehemu ya ile hesabu ya wanne kwa watatu bila shaka ni kelele za vipimo. Ila kosa la kipimo haliwezi kueleza kwa nini kaya zilizoshuka zinataja mambo yaleyale, ugonjwa, kifo, deni, katika nchi zisizofanana. Pingamizi zito zaidi linatoka upande wa pili: wapo ambao hawaendi popote. Krishna huyohuyo alipochunguza makazi duni 14 ya Bangalore alikuta familia zilizokaa humo vizazi na vizazi bila kupanda, ingawa jiji lao limekuwa kitovu cha teknolojia duniani. Wazee wasio na watoto, wenye ulemavu, wanaolea wajukuu peke yao hawaporomoki kwa sababu hawajapata kupanda. Kwao hoja yangu haitoshi, wanahitaji ruzuku ya kudumu, na kuwaambia wakope ni dhihaka.

Na kukopa ndiko serikali zetu zimeelekeza macho. Halmashauri za Tanzania hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kukopesha wanawake, vijana na wenye ulemavu, kwa mgawo wa nne, nne, mbili. Kenya ilizindua Hustler Fund Novemba 2022. Majaribio sita makubwa ya mikopo midogo katika nchi sita, yaliyochapishwa pamoja mwaka 2015, hayakukuta madhara makubwa wala miujiza: biashara zilipanuka kidogo, na kwa wastani umaskini haukutikisika. Kwangu hilo halishangazi. Mkopo ni chombo cha mlango wa kutokea. Humfaa anayepanda, na humuumiza anayeanza kuteleza, kwa sababu siku ya marejesho haijui kama mtoto alilazwa. Fedha za mlango wa kuingilia, za kumzuia mtu asishuke, ni chache mno zikilinganishwa na hizo.

Bima ya afya ndiyo jibu la wazi, na angalau sheria zipo. Tanzania ilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote mwaka 2023. Kenya ilianza mfuko mpya wa SHIF Oktoba 2024, mchango ukiwa asilimia 2.75 ya mapato na usiopungua shilingi 300 za Kenya kwa mwezi. Ugumu uko kwenye ratiba. Mwenye ajira hukatwa kwenye mshahara kila mwezi. Asiye na ajira rasmi alitakiwa alipe mwaka mzima kwa mkupuo, hadi serikali ya Kenya ikalazimika kuleta mpango wa kumkopesha mchango huo alipe polepole. Tajiri wa bodaboda anajua kukusanya kila siku, mdai wa kausha damu anajua, kikoba kinajua kila wiki. Bima peke yake ndiyo ilimwendea mchuuzi ikitaka fedha ya mwaka. Rwanda ilichukua njia nyingine katika bima yake ya afya, mituweli, kwa kuzipanga kaya kwa madaraja na kuzilipia zile za daraja la chini kabisa.

Hata hivyo kadi ya bima hulipa daktari tu. Hailipi siku ambazo dereva aliyevunjika mguu hakupeleka hesabu. Kwa hizo ingetosha kuandika kifungu kimoja kwenye mikataba ya bodaboda na bajaji, kinachosimamisha hesabu kwa siku ambazo dereva ana cheti cha hospitali na kuziongeza mwisho wa mkataba. Matajiri watasema vyeti vitaghushiwa, na vingine vitaghushiwa kweli. Lakini anayeghushi anajiongezea siku za kudaiwa na kuchelewesha pikipiki iwe yake, na tajiri anapata hesabu zake zote, ila baadaye. Wakati wa kungoja anaweza hata kumpa dereva mwingine chombo kwa muda, kwa makubaliano kwamba mwenye mkataba akipona atakirudia. Vyama vya bodaboda tayari vina viongozi, vijiwe na daftari za wanachama, na halmashauri ndizo zinazokopesha vikundi vyao. Kifungu hicho kinaweza kuwa sharti la kupata mkopo wa ile asilimia 10.